Sauti inapita wapi ndani ya Linux, na kwa nini inachelewa

Anayeanza kurekodi muziki kwa kompyuta ya Linux hapa Unguja hukwama mahali pawili, na mara nyingi huona kama ni tatizo moja. Kwanza, sauti haifiki anakoitaka: maikrofoni imechomekwa, taa ya kadi ya sauti inawaka, lakini programu ya kurekodi inaonyesha mstari mkavu. Pili, sauti inafika, ila imechelewa, au inakatikakatika kwa mikwaruzo. Akiuliza, huambiwa anunue kompyuta yenye nguvu zaidi. Ushauri huo haugusi shida yake. Njia ya sauti ni jambo moja, muda wa sauti ni jambo jingine, na kila moja lina dawa yake. Laptopu ya mtumba ya miaka kumi iliyopita inatosha kurekodi udi, fidla na mwimbaji kwa ubora wa kuridhisha kabisa, na programu zote zinazohitajika ni za bure. Kinachokosekana ni kuelewa kinachopita ndani.

Tuanze na njia.

Chini kabisa, ndani ya kerneli yenyewe, yaani moyo wa Linux, ipo ALSA. Hiyo ndiyo inayozungumza na kadi ya sauti uso kwa uso, na imo katika kerneli rasmi tangu toleo la 2.6 la mwaka 2003. Kadi nyingi za nje za USB zinafuata kanuni ya kawaida ya sauti ya USB, kwa hiyo ALSA huzitambua papo hapo bila kusakinisha chochote. Andika `aplay -l` kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri. Ukiliona jina la kadi yako, ujue upande wa vifaa umekamilika, usihangaike nao tena.

Tabu ya ALSA ni kwamba kwa kadi nyingi, programu moja ikishaishika, nyingine hazipati nafasi. Ndiyo sababu zikatengenezwa seva za sauti, yaani programu inayokaa katikati, inaishika kadi kwa niaba ya wote, kisha inawagawia. PulseAudio, iliyoanza 2004, ilikuwa ya matumizi ya kila siku: muziki, video, simu za mtandaoni. JACK, aliyoianzisha Paul Davis, mtu yule yule aliyeandika programu ya kurekodi ya Ardour, ilikuwa ya wanamuziki: haikujali kuokoa betri, ilijali muda tu. Seva mbili hizi hazikuweza kuishika kadi moja kwa pamoja. Ukitaka kurekodi unaizima moja, unaiwasha nyingine, na kivinjari chako kinakuwa bubu.

Hali hiyo imekwisha. PipeWire, seva mpya ya sauti iliyoanzishwa na Wim Taymans, inafahamu lugha zote mbili: programu iliyoandikwa kwa PulseAudio inadhani inaongea na PulseAudio, na iliyoandikwa kwa JACK inadhani inaongea na JACK, kumbe zote ziko mahali pamoja na zinaweza kuunganishwa. Fedora, mojawapo ya mifumo ya Linux, ilianza kuitumia kama seva yake ya kawaida mwaka 2021 katika toleo la 34, Ubuntu ikafuata kwenye 22.10, na PipeWire yenyewe ikafikia toleo la 1.0 Novemba 2023. Kwa hiyo nusu ya maelekezo utakayoyakuta mtandaoni, yale ya “zima PulseAudio kwanza, kisha washa JACK”, muda wake umepita, na ukiyafuata leo unaweza kuharibu mashine iliyokuwa nzima. Kabla ya kugusa chochote, andika `pactl info` na utazame mstari wa Server Name. Ukitaja PipeWire, acha hivyo hivyo. Kitu cha kuongeza ni kifurushi cha pipewire-jack tu, na kwenye Debian na Ubuntu unatanguliza neno `pw-jack` unapoiita programu ya muziki.

Hapa ndipo wengi wanapojifunga wenyewe bila kujua. Ardour ikifunguka, inauliza itumie mfumo gani wa sauti. Ukichagua ALSA, Ardour inakwenda moja kwa moja kwenye kadi na kuishika peke yake. Kila kitu kingine kwenye mashine kinanyamaza, na hapo watu husema Linux mbovu. Ukichagua JACK, inapita kwenye PipeWire pamoja na wenziwe. Chagua JACK, isipokuwa kama huna haja kabisa na programu nyingine wakati wa kurekodi.

Na ule mstari mkavu? Mara nyingi chanzo chake ni wasifu wa kadi, yaani mpangilio wa milango ambao mfumo umeichagulia. Mfumo huiona kadi yenye milango minne au minane na kuikisia kuwa ni spika za sebuleni, ukaipa mpangilio wa kushoto na kulia, na milango mingine ikafichika. Fungua programu ya pavucontrol, nenda ukurasa wake wa mwisho, wa mipangilio ya vifaa, na pale kwenye kadi yako chagua Pro Audio. Mara milango yote inajitokeza kama ilivyo, kwa majina makavu ya AUX0, AUX1 na kuendelea, bila mfumo kukukisia unachotaka.

Baada ya hapo sakinisha qpwgraph. Hiyo inakuchorea ramani: kila programu ni kisanduku, kila kisanduku kina milango ya kutolea na ya kupokelea, na unavuta waya kwa kipanya kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Ukiitazama ramani hii kwa dakika chache unaelewa zaidi kuliko kwa kusoma kurasa kumi, kwa sababu swali la “mbona sisikii?” linakuwa swali la macho: waya upo au haupo.

Nitoe mfano mmoja kamili. Una kipindi cha mtandaoni, wewe uko Mji Mkongwe, mgeni wako yuko Wete na anaongea nawe kupitia kivinjari. Unataka sauti yako irekodiwe kwenye njia yake (track) ndani ya Ardour, ya mgeni kwenye njia yake, na mgeni asijisikie mwenyewe akirudi, maana hilo humvuruga mtu mpaka anashindwa kumaliza sentensi. Kwanza unatengeneza kifaa cha bandia, spika isiyokuwepo:

`pactl load-module module-null-sink sink_name=mgeni`

Kisha kwenye pavucontrol unakiambia kivinjari kipeleke sauti yake huko badala ya kwenye hedifoni. Kwenye qpwgraph, kutoka milango ya kusikilizia ya kile kifaa cha bandia, unavuta waya mmoja kwenda njia ya pili ya Ardour na mwingine kwenda hedifoni zako. Maikrofoni yako unaivuta mara mbili: kwenye njia ya kwanza ya Ardour, na kwenye kivinjari ili mgeni akusikie. Kwa kuwa hakuna waya unaotoka kwa mgeni kurudi kwenye kivinjari, hana pa kujisikia. Ukiwa na wageni wawili kwa programu mbili tofauti, unatengeneza vifaa viwili. Tahadhari moja: amri hiyo haidumu, kompyuta ikizimwa kifaa kinapotea, na ramani ya nyaya nayo ihifadhi kuwa faili ndani ya qpwgraph, kwenye sehemu yake ya Patchbay, ili kesho uirudishe kwa kubofya mara moja.

Kazi kama hii haihitaji kabisa sauti isiyochelewa. Nalisisitiza hili kwa sababu watu wanateseka na mipangilio migumu ambayo kazi yao haiihitaji. Ndivyo ilivyo pia kwa anayehamisha kanda za zamani za taarab kuwa faili za kompyuta, kazi ambayo natamani vijana wengi zaidi visiwani waifanye kabla kanda hizo hazijaoza. Kanda haijali ikisikika baada ya robo sekunde. Hapo weka bafa, yaani fungu la sauti linalokusanywa kabla ya kutolewa, kubwa kadiri inavyokubalika, ustarehe, na mashine haitakata hata mara moja.

Bafa ndiyo kiini cha suala la muda. Kadi haimkabidhi prosesa sauti sampuli (kipimo kimoja cha sauti) moja moja; inazikusanya, zikifika idadi fulani ndipo inazitoa kwa pamoja. Ni daladala ya Bububu inayongoja ijae: gari kubwa linakawia kuondoka, dogo linaondoka upesi lakini linahitaji safari nyingi. Hesabu yake ni rahisi, unagawa idadi ya sampuli kwa kasi ya kadi. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya 1024, ambayo ndiyo ya kawaida ya PipeWire, ni kama milisekunde 21. Bafa ya 256 ni milisekunde 5.3, ya 128 ni 2.7, na ya 64 ni 1.3. Lakini sauti ya mpigaji inaingia na kutoka, kwa hiyo hesabu hiyo inakwenda angalau mara mbili, na juu yake kuna muda wa kadi yenyewe kubadili umeme kuwa namba na namba kuwa umeme, pamoja na muda wa USB. Usishangae bafa ya 128 ikakupa jumla inayokaribia milisekunde kumi.

Je, kumi ni nyingi? Hapa natofautiana na wanaokimbilia namba ndogo kuliko zote. Sauti hewani hutumia takriban milisekunde 3 kwa kila mita. Kundi la taarab likikaa jukwaani, mpiga fidla wa mbele na mpiga besi wa nyuma wanaweza kutengana mita nne au tano, na wanasikiana kwa kuchelewa milisekunde 12 hadi 15. Hakuna anayelalamika, wamezoea, na muziki unakwenda. Mpiga udi aliyevaa hedifoni, akisikia sauti yake baada ya milisekunde kumi, ni sawa na aliyekaa mita tatu na ushei kutoka kwenye spika. Ataipiga tu. Ikifika arobaini ndipo utamsikia. Unamuuliza, “Maalim, unaisikia vipi?” naye anakujibu, “Naisikia, lakini mkono wangu uko mbele, sauti yaja nyuma.” Hilo ni jibu sahihi kuliko la kipimo chochote, na dawa yake ni kupunguza bafa.

Mwimbaji ana hali yake. Yeye sauti yake anaisikia tayari ndani ya kichwa, kupitia mifupa, bila kuchelewa hata kidogo. Ile ya hedifoni ikija milisekunde chache baadaye, mbili hizo zinachanganyika na kuna masafa yanayofutana. Sauti inakuwa na uwazi fulani, anajisikia kama anaimba ndani ya mtungi, na bila kujua sababu anaanza kupandisha sauti au kukosa lahani. Kwa mwimbaji dawa bora kuliko zote haimo ndani ya Linux. Kadi nyingi za nje zina kitufe au kirungu cha kusikiliza moja kwa moja, ambacho humpelekea mtu sauti ya maikrofoni yake kabla haijaingia kwenye kompyuta. Kitumie. Kisha ndani ya Ardour uiambie kwamba usikilizaji unafanywa na kadi, la sivyo atajisikia mara mbili. Ukifanya hivi unaweza kurekodi albamu nzima ya nyimbo za sauti na udi kwa bafa ya 1024. Unahitaji bafa ndogo pale tu sauti lazima ipite ndani ya kompyuta kwanza: unapopiga kinanda cha MIDI, ambacho sauti yake inatengenezwa na kompyuta, au mpigaji anapotaka kusikia mwangwi na vionjo vingine anapopiga.

Ukiihitaji, jaribu kwanza bila kubadili kitu cha kudumu:

`pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 128`

Inabadilika papo hapo, muziki ukiwa unaendelea. Ukitaka kurudi kwenye hali ya kawaida, rudia amri hiyo na uweke 0 badala ya 128. Kwenye terminali nyingine fungua `pw-top` na utazame safu iliyoandikwa ERR. Kila namba hiyo inapopanda, maana yake kuna zamu ambayo prosesa ilichelewa, na penye kuchelewa pana mkwaruzo ndani ya rekodi. Programu za muziki huliita pengo hilo xrun. Ukiridhika na namba fulani, njia nzuri ya kuitumia ni kuiambatanisha na programu yenyewe:

`PIPEWIRE_LATENCY=128/48000 pw-jack ardour`

Ardour ikiwa wazi, mfumo mzima unakwenda kwa 128. Ukiifunga, unarudi ulikotoka na betri inapumua.

Sasa, kwa nini prosesa inachelewa? Kwa bafa ya 128 ina milisekunde 2.7 za kumaliza kazi, kila zamu, mara 375 kwa sekunde. Wastani wake hausaidii. Inaweza kuwa imepumzika asilimia 90 ya muda, lakini ikichelewa zamu moja tu kati ya maelfu, umepata mkwaruzo. Ndiyo maana kompyuta ya bei kubwa inaweza kukata, na ya mtumba ikatulia: hatutafuti kasi, tunatafuta mashine isiyokosa miadi.

Kanuni ya kwanza ni kuipa sauti kipaumbele. Mifumo mingi ya sasa ina huduma ya rtkit inayompa PipeWire kipaumbele hicho bila wewe kufanya lolote. Programu za JACK zikilalamika kuwa hazijapewa, jiongeze kwenye kundi la watumiaji liitwalo audio, kisha tengeneza faili `/etc/security/limits.d/audio.conf` yenye mistari miwili, `@audio - rtprio 95` na `@audio - memlock unlimited`, utoke na kuingia upya. Kuhusu kerneli maalumu ya wakati halisi, yaani iliyorekebishwa isikose miadi, iliyosifiwa sana na wanamuziki kwa miaka mingi: marekebisho yake, PREEMPT_RT, yaliingizwa katika kerneli rasmi mwaka 2024 kwenye toleo la 6.12. Ni kazi kubwa na ya kupongezwa, lakini kwa bafa ya 128 na kuendelea kerneli ya kawaida iliyowashwa kwa chaguo la `preempt=full` inatosha watu wengi. Usianzie huko.

Anzia kwenye vitu vilivyo mezani. Wi-Fi ni ya kwanza kushukiwa. Draiva za baadhi ya kadi zake huishika prosesa kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, basi izime wakati wa kurekodi. Kadi ya sauti ichomeke kwenye tundu la kompyuta yenyewe, isipitie kigawio cha USB kinachobeba pia diski na kipanya. Halafu umeme. Prosesa za laptopu hupunguza kasi ili kuokoa nishati, na kuipandisha tena huchukua muda ambao sauti haina. Amri ya `powerprofilesctl set performance` inaiambia isilale. Kisiwa kilichokaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 hakihitaji kuelezwa habari za umeme kukatika, lakini watu hawaunganishi jambo hilo na mikwaruzo: umeme ukikatika katikati ya wimbo laptopu haizimi, inahamia kwenye betri, na programu za kutunza betri kama TLP papo hapo zinabadili sera ya prosesa. Rekodi inaendelea, hakuna aliyegundua, na baadaye unakuta beti la tatu limejaa mapengo. Ukitumia TLP, weka sera moja kwa umeme na kwa betri siku ya kurekodi. Kwa kweli mimi napendelea kurekodi kwa betri tangu mwanzo kama inadumu, kwa sababu chaja nyingi za laptopu zinaleta mvumo kwenye nyaya za maikrofoni, na kuichomoa mara nyingi kunaumaliza.

Na joto. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu maelekezo yanayoandikwa nchi za baridi hayaligusi. Ili kurekodi unafunga madirisha, unazima feni, unazima kiyoyozi, maana maikrofoni inazisikia zote. Wakati wa kaskazi, chumba chenye watu sita kinapanda joto haraka. Prosesa nayo inapashwa. Ikifika kiwango chake inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue, na hakuna amri ya kuizuia. Ndiyo maana wimbo wa kwanza unatoka safi na wa tatu unakwaruza wakati hujabadili kitu. Inua laptopu juu ya vipande viwili vya mbao ili hewa ipite chini yake, safisha vumbi la feni yake, na kati ya wimbo na wimbo fungua dirisha. Ukiona bado ERR inapanda, ongeza bafa hadi 256 na uendelee. Mpigaji aliyetulia kwa milisekunde chache zaidi ni bora kuliko rekodi yenye matundu.

Limebaki moja ambalo linawapata wengi wasiokuwa na kadi ya nje kamili. Unatumia maikrofoni ya USB kuingiza na tundu la hedifoni la laptopu kusikilizia. Hizo ni kadi mbili, na kila moja ina saa yake. Zote zinasema 48,000, lakini hazilingani kikamilifu, kwa hiyo baada ya muda moja inaitangulia nyingine. PipeWire inalitatua hili kwa kuchagua kadi moja iongoze na kuirekebisha nyingine hatua kwa hatua, na inafanya vizuri, ila marekebisho hayo yanaongeza kuchelewa. Kama maikrofoni yako ya USB ina tundu lake la hedifoni, sikilizia hapo hapo. Hedifoni za bluetooth ziache kabisa kwa kazi hii: zinachelewesha kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde ndani ya hedifoni zenyewe na katika kubana sauti, mahali ambapo hakuna mpangilio wa Linux unaofika. Hedifoni za waya za bei rahisi kutoka Darajani zinazishinda zote.